UJASIRIAMALI: Taa za magari za kuundwa kwa mkono na hesabu inayowatatiza mafundi

MTU anayepita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wakongwe wangali wanaiita Grogan, haoni ajabu akikuta taa ya mbele ya gari imefunguliwa juu ya meza ya mbao, kioo chake upande huu na kiakisi upande ule, huku fundi akichomea vijitaa vya LED vidogo kuliko punje ya mtama. Kazi ya aina hiyo hufanywa pia Kariobangi Light Industries, na hata nyuma ya gereji za kawaida katika miji mingine nchini.

Hii ndiyo biashara ya kuunda taa za magari kwa mkono. Haipaswi kuchanganywa na ile ya muuza vipuri anayetoa taa kwenye boksi na kumkabidhi mteja. Fundi wa taa hupokea gari moja, akasikiliza matakwa ya mwenyewe, kisha akatengeneza kitu ambacho hakipo dukani: pete ya mwanga inayozunguka taa ya mbele, mstari mwekundu wa breki unaofuata umbo la bodi, kioo cha taa ya gari la kale ambalo kiwanda kilikwisha kusahau kulitengeneza, au taa za ndani ya matatu zinazobadilika rangi.

Wengi wanaotamani kuingia katika kazi hii hudhani kwamba kikwazo ni mtaji. Ukweli ni kwamba vifaa vya kuanzia ni vichache na bei yake si ya kutisha ikilinganishwa na vya kuchomelea vyuma au kupaka magari rangi. Kinachowaangusha wengi ni mambo mawili. Kwanza, hawajui kuhesabu saa zao. Pili, humtazama mteja aliye mbele yao tu, wakamsahau dereva atakayekutana na taa hizo usiku akitoka upande wa pili wa barabara.

ASILI YA KAZI

Taa za magari ya kwanza zilitumia gesi ya kabaidi, na ilikuwa lazima ziwashwe kwa moto. Mnamo 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza magari yenye mtambo kamili wa umeme wa kuwasha injini na taa. Kuanzia 1940, Marekani ililazimisha matumizi ya taa zilizozibwa, yaani kioo, kiakisi na waya wa balbu vikiwa kitu kimoja kisichofunguka. Taa hizo zilikuwa za kipimo kimoja kwa kila gari. Fundi wa mkono hakuwa na nafasi pale, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kufungua.

Mabadiliko mawili ndiyo yaliyozaa biashara ya leo. La kwanza ni kuondolewa kwa kioo halisi na kuletwa kwa plastiki ngumu ya polikaboneti, iliyoanza kuenea miaka ya 1980. Plastiki hiyo ni nyepesi na hufinyangwa kwa umbo lolote, lakini ina udhaifu wake: jua huiunguza ikawa na rangi ya manjano, na gundi inayoiunganisha na kasha la taa hulainika ikipata joto. La pili ni LED ya buluu yenye mwanga mkali, ambayo Shuji Nakamura aliitangaza mwaka wa 1993 akiwa katika kampuni ya Nichia ya Japani. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Bila buluu hapangekuwa na LED nyeupe, na bila LED nyeupe ya bei nafuu fundi wa Kirinyaga angekuwa bado anabadilisha balbu.

Pete za mwanga ambazo vijana huziita macho ya malaika zilipata umaarufu kupitia BMW ya Msururu wa 5 iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2000. Tangu hapo, kila mwenye gari dogo la Kijapani ametamani kuwa nazo.

WATEJA NI AKINA NANI?

Nchini Kenya, mteja anayevuma zaidi ni mwenye matatu. Magari yale yanayoitwa nganya au manyanga, hususan ya njia za Rongai, Umoja na Buruburu, hushindania abiria kwa michoro, muziki na taa. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba fundi anayetegemea matatu pekee amejenga nyumba yake juu ya mchanga. Tarehe 1 Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, magari ya abiria yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Urembo ulitoweka karibu usiku mmoja, na waliokuwa wakila kwa urembo wakabaki mikono mitupu. Ulirejea polepole miaka iliyofuata, kisha mnamo Novemba 2018 serikali ikaanzisha tena msako wa kutekeleza kanuni hizo hizo. Fundi mwenye busara huziona kazi za matatu kama mvua za vuli: ni neema zikija, lakini mtu hapandi shamba lote kwa kuzitegemea.

Wapo wateja wengine wasiopigiwa kelele. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na mengi yanayoletwa kutoka Japani hufika yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Plastiki ya taa zake tayari imeanza kufifia, nalo jua la Ikweta huimalizia. Kusugua taa hizo kwa msasa wa namba 800, kisha 1500, halafu 2000, na kuzipaka rangi angavu inayokinga miale ya jua ni kazi isiyo na sifa mitaani, ila ndiyo inayolipa kodi ya kibanda mwezi baada ya mwezi. Anayesugua bila kupaka kinga amemdanganya mteja. Taa itang'aa siku hiyo, na baada ya miezi michache itakuwa mbaya kuliko ilivyokuja, kwani kinga ya kiwandani iliyosalia nayo imesuguliwa ikaisha.

Kuna wenye magari ya watalii wanaohitaji taa za ziada kwa ajili ya barabara za mbugani. Kuna wahudumu wa bodaboda. Kuna pia kundi dogo la wapenzi wa magari ya kale, wakiwemo washiriki wa mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1970. Mteja wa kundi hili hana haraka, haombi kupunguziwa bei bila sababu, na hutaka kazi ifanane na ya kiwanda kiasi kwamba jicho lisitambue. Mmoja wa namna hiyo anaweza kumfaa fundi kuliko matatu tano.

KAZI YENYEWE

Taa ya kisasa hufunguliwa kwa joto. Fundi huondoa skrubu na vibanio vyote, akatoa balbu, kisha akaiweka taa ndani ya joko la umeme kwa takriban nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika chache hadi gundi ilegee, halafu akaivuta taratibu kwa bisibisi bapa. Joto likizidi, kasha hupinda. Likipungua, vijino vya plastiki hukatika. Baadhi ya taa, hasa za magari mapya, zimeunganishwa kwa gundi isiyolegea kwa joto, na hizo hulazimika kukatwa kwa msumeno mwembamba. Fundi asiyeweza kutofautisha aina hizo mbili kabla ya kuanza atanunua taa nyingi za watu. Ndiyo maana wazoefu huanzia kwenye taa kuukuu za jaani.

Pete ya mwanga huundwa kwa fimbo ya akriliki. Fimbo hupashwa moto hadi nyuzi 150 hivi, ikazungushwa kwenye kopo au bomba lenye kipenyo kinachotakiwa, ikaachwa ipoe. LED huwekwa kwenye ncha zake. Mwanga ukiingia kwenye fimbo laini husafiri ndani kwa ndani bila kutoka, kama maji ndani ya bomba, kwa hivyo fundi hukata vijichoro vingi upande wa nyuma ili mwanga ugonge hapo na kutokea mbele. Vijichoro vikiwa sawasawa kwa kina na nafasi, pete huwaka sare. Vikienda mrama, pete huwa na mabaka. Hakuna mashine inayohitajika hapa ila mkono mtulivu na kigezo kilichochongwa vizuri.

Umeme ndio unaoharibu sifa za mafundi wengi. Husemwa kwamba gari dogo ni la volti 12, na fundi mchanga hupiga hesabu yake kwa namba hiyo. Injini ikinguruma, altaneta hupandisha umeme hadi karibu volti 14.4. Chukulia LED tatu nyeupe zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikihitaji volti 3.2. Jumla ni volti 9.6. Aliyepiga hesabu kwa volti 12 amebakiwa na volti 2.4 za kupunguza, na kwa mkondo wa miliampea 20 atachagua rezista ya omu 120. Gari likianza kwenda, ziada huwa volti 4.8, na rezista hiyo hiyo huruhusu miliampea 40, mara mbili ya kipimo. Taa itawaka kwa fahari mbele ya kibanda, mteja atalipa akitabasamu, na baada ya wiki chache zitaanza kuzimika moja moja. Rezista sahihi ilikuwa ya omu 240. Tofauti ya bei kati ya rezista hizo mbili haipo.

Kwa mabasi madogo ya aina ya Isuzu NQR, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa matatu kubwa, umeme ni volti 24 na mambo hubadilika kabisa. Afadhali kuunganisha LED sita kwa mfuatano kuliko kuiachia rezista moja ichome umeme wote uliozidi, kwani joto hilo lazima liende mahali, na aghalabu huenda kwenye plastiki. LED zenye nguvu nazo zapaswa kubandikwa kwenye bamba la alumini. Ni kweli kwamba LED hula umeme kidogo, lakini sehemu kubwa ya ule inaoula hugeuka joto nyuma yake, na bila ya mahali pa kupoea hufifia kabla ya wakati.

Kila waya mpya sharti uwe na fyuzi yake karibu na betri. Hili halina mjadala. Moto mwingi unaoanzia chini ya boneti hutokana na nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, bila solda wala fyuzi.

Indiketa zina mtego wa peke yake. Balbu ya kawaida ni ya wati 21, na rilei nyingi za zamani hutegemea uzito huo wa umeme kupima mwendo wa kumetameta. Ukiweka LED, rilei hudhani balbu imeungua na kuanza kumetameta mbio. Mafundi wengine huongeza rezista kubwa ili kuidanganya rilei, nayo huwa moto kiasi cha kuunguza ngozi. Njia safi ni kubadilisha rilei yenyewe kwa ile ya kielektroniki. Taa za zenoni zinahitaji tahadhari kubwa zaidi, maana huwashwa kwa zaidi ya volti 20,000. Hazishikwi kabla ya kuchomolewa kwenye umeme.

Hatimaye taa hufungwa, na hapa ndipo haraka ya mteja inapoponza kazi. Matatu ikilala gereji, mwenyewe anahesabu mapato ya siku yaliyopotea, hivyo husukuma kazi iishe kabla ya alfajiri. Gundi haijui haraka hiyo. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inayokula rangi ya fedha ya kiakisi na shaba ya nyaya, kwa hivyo hutumika ile isiyo na harufu hiyo, na huhitaji saa nyingi kukauka. Supaglu nayo, ambayo wengi huikimbilia, hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe ndani ya kioo usioweza kufutwa bila kufungua taa upya. Akriliki haisafishwi kwa petroli wala spiriti, kwa sababu hujaa nyufa ndogo ndogo. Baada ya kufungwa, taa hunyunyiziwa maji kwa muda na kuachwa iwake. Ikitokwa na jasho kwa ndani, hufunguliwa tena.

DEREVA WA UPANDE WA PILI

Taa ya mbele si kurunzi. Kiakisi au lenzi yake imechongwa ili mwanga wa chini, ambao madereva huuita dimu, uishie kwenye mstari ulio wazi, chini ya macho ya anayekuja. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto kama Kenya, mstari huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wauza vipuri hawalielewi. Taa kuukuu zinazotoka Dubai mara nyingi zilitengenezewa magari ya Milki za Kiarabu, ambako huendeshwa upande wa kulia. Mwanga wake hupanda upande wa kulia. Zikifungwa kwenye gari la Kenya hutoshea kabisa, skrubu zikaingia, balbu zikawaka, ila kila usiku humulika machoni mwa dereva anayekuja huku zikiacha ukingo wa kushoto gizani, penye mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli asiye na taa. Fundi anayeletewa taa ya namna hiyo aimulike ukutani kabla ya kuigusa.

Kosa la pili ni kuchomeka balbu ya LED ndani ya kiakisi kilichochongewa halojeni. Waya wa halojeni hukaa mahali mahususi mno, na kiakisi hukusanya mwanga kutoka pale pale. LED ikikaa milimita chache pembeni, mwanga hutawanyika. Mwenye gari huona weupe mwingi mbele yake na kudhani anaona mbali, kumbe mwanga umejaa karibu na gari na juu hewani. Atakayejua ukweli ni yule anayekutana naye kwenye barabara ya Nakuru usiku wa manane. Anayetaka kazi hii ifanywe sawasawa hana budi kuweka lenzi mpya iliyoundwa pamoja na chanzo chake cha mwanga.

Kupima si jambo la mashine ghali. Gari husimamishwa pahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, urefu wa katikati ya taa ukawekewa alama ukutani, na mstari wa dimu ukashushwa sentimita 10 hivi chini ya alama hiyo. Matatu lazima ipimwe ikiwa na uzito nyuma, kwani ikijaa abiria huinua pua na kutupa mwanga juu. Ukuta mweupe, rula ndefu na chaki vinatosha. Inasikitisha kwamba vibanda vingi vina mashine ya kupiga muziki lakini havina ukuta mweupe.

HESABU

Tuchukue mfano. Fundi anaweka pete za mwanga katika taa mbili za mbele. Vifaa vimemgharimu Sh4,000, naye akatoza Sh8,000. Jioni anahesabu faida ya Sh4,000 na kuona mambo yanaenda vyema.

Hebu tuzipime saa zake. Kufungua na kusafisha gundi kuukuu saa nne, kuunda pete saa tatu, nyaya saa mbili, kufunga na kunyunyizia maji saa mbili, kurejesha taa kwenye gari na kupima saa moja. Jumla ni saa 12. Tuseme pia kodi ya kibanda, umeme, leseni na uchakavu wa vifaa ni Sh24,000 kwa mwezi. Siku 26 za saa nane ni saa 208, lakini si zote zinazouzwa. Fundi hushinda akijibu simu, akipatana bei, akienda Luthuli Avenue kutafuta rezista na akingoja stima irudi. Akiuza saa 100 kwa mwezi amejitahidi. Kwa hivyo kila saa iliyouzwa inabeba Sh240 za gharama, na saa 12 ni Sh2,880. Kilichobaki ni Sh1,120.

Bado hatujazungumzia kazi zinazorudi. Ikiwa taa moja kati ya kumi hurudi kwa sababu ya maji au LED iliyokufa, ikala saa sita na vifaa vya Sh500 bila malipo, basi hiyo ni Sh1,940, yaani Sh194 kwa kila kazi. Zimesalia Sh926 kwa saa 12 za ufundi wa hali ya juu. Ni takriban Sh77 kwa saa. Akitaka ujuzi wake ulipwe Sh250 kwa saa, bei ya haki ya kazi hiyo ni kama Sh10,000, wala si tamaa.

Namba hizo ni za mfano na kila mtu ataweka zake, ila mpangilio haubadiliki. Hesabu hiyo pia yaonyesha pa kubana. Kupunguza bei ya LED kwa kununua za bei rahisi kutaokoa mamia machache na kuongeza zinazorudi. Kuongeza saa zinazouzwa, kwa mfano kwa kuajiri mwanagenzi wa kusafisha gundi na kumwachia fundi mkuu nyaya, kunaokoa zaidi.

Arubuni ni lazima. Taa iliyoundwa kwa matakwa ya mtu mmoja haiwezi kuuzwa kwa mwingine, kwa hivyo fundi asiyechukua angalau gharama ya vifaa kabla ya kuanza anamkopesha mteja bila riba. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, kisingizio cha kutotembea na pesa hakina mashiko. Kadhalika, taa hupigwa picha kabla ya kufunguliwa, vijino vilivyovunjika vikaonyeshwa mwenyewe na kuandikwa kwenye risiti. Ugomvi mwingi wa kibandani huanza kwa maneno "haikuwa imepasuka nilipoileta".

SHERIA NA USHURU

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, chataka gari na sehemu zake, zikiwemo taa, ziwe katika hali inayotakiwa kisheria kabla ya kuingia barabarani. Kanuni ya jumla ni rahisi kukumbuka: nyeupe au manjano mbele, nyekundu nyuma. Taa nyekundu au buluu za kumetameta ni za polisi, ambulensi na zimamoto. Mteja akiziomba kwenye gari lake la kibinafsi, jibu ni la. Matatu hukaguliwa kila mwaka, na taa ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa. Gari likikataliwa, mwenyewe hurudi kwa fundi, mara nyingi akiwa na hasira na bila ya nauli ya kurudi njiani. Kampuni ya bima nayo inaweza kuleta utata kuhusu fidia ikigundua mabadiliko ambayo haikuarifiwa.

Anayeanza ahitaji kusajili jina la biashara, kuwa na leseni ya kaunti na nambari ya mlipaji kodi. Mauzo yakipita Sh1 milioni kwa mwaka bila kuzidi Sh25 milioni, ushuru wa mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, nao hutozwa kwenye mauzo yote, si faida. Aliyesoma hesabu iliyotangulia ataona mara moja kwamba asilimia 3 ya Sh8,000 ni Sh240, zaidi ya robo ya kile kilichosalia. Tangu Januari 2024, vyama vya matatu na wenye karakana za kuunda bodi hudai ankara za eTIMS ili matumizi yao yakubaliwe na mamlaka ya ushuru, na fundi asiye nazo hupoteza kazi kubwa kubwa. Aidha, anayeacha kuunda taa moja moja na kuanza kuzisambaza madukani ameingia ulingo wa viwanda, na atahitaji alama ya ubora ya KEBS.

Ujuzi wenyewe hupatikana kwa njia mbili. Ipo ya uanagenzi kibandani, na ipo ya vyuo vya kiufundi vinavyofundisha umeme wa magari. Aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza, akapata cheti kinachomwezesha kuomba zabuni. Wanagenzi wavae barakoa wanapokata akriliki na kuchomea solda, na dirisha liwe wazi.

Kuna kifaa kimoja cha mwisho ambacho huuzwa kwa bei ya soda kadhaa na hakionekani katika vibanda vingi: daftari. Kila taa hupewa nambari, na chini yake huandikwa gari, tarehe, idadi ya LED, rezista iliyotumika, aina ya gundi na volti zilizopimwa injini ikiwa inanguruma. Gari likigongwa miaka miwili baadaye na upande mmoja tu kuvunjika, mteja huja akitaka taa ifanane na ile iliyosalia. Mwenye daftari hufungua ukurasa, akaunda pete ya kipenyo kile kile na kuchagua LED za weupe ule ule, kazi ikaisha kwa siku moja. Asiye nalo hufungua taa nzima iliyosalia ili kuchungulia alichokifanya mwenyewe.